Maji yakipungua, ni hatua gani ya kitunguu inayovumilia kiu?

Swali

Ndugu wakulima, naomba ushauri wenu. Kisima changu kinatoa takriban robo tatu tu ya maji yanayohitajika kwa shamba langu la vitunguu. Msimu uliopita nilikuwa nasubiri hadi udongo ukauke kabisa ndipo nifurike matuta, na wakati wa kuvuna nilikuta vitunguu vidogo, vingi vikiwa vimegawanyika ndani na kuwa pacha. Je, nipunguze maji sawasawa msimu mzima, au kuna wakati ambapo upungufu hauumizi sana?

Jibu la 1

Pole kwa hasara hiyo, ndugu. Kitunguu kina mizizi mifupi, mingi ikiwa ndani ya sentimita 30 za juu, hivyo hakiwezi kufuata maji yaliyozama chini kama mahindi yafanyavyo. Kwa mujibu wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zao hili huhitaji milimita 350 hadi 550 za maji kwa msimu, na upungufu wa asilimia 10 ukienea msimu mzima hupunguza mavuno kwa takriban asilimia 11. Ukikosa robo ya maji, basi, utapoteza zaidi ya robo ya mavuno, tena vitakavyobaki vitakuwa vidogo. Kwa sababu hiyo, kama hujapandikiza bado, ningekusihi upande robo tatu ya eneo na kulinywesha vizuri.

Kama miche imeshaingia shambani, punguza baada ya kushika mizizi, wakati inapoongeza majani tu. Kitunguu kikianza kutunga na kujaza, usikinyime maji hata kidogo, kwa kuwa hapo ndipo hasara huwa kubwa kuliko hatua nyingine zote.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu, ila kiasi bila ratiba hakitoshi. Udongo wa tifutifu hushika karibu milimita 45 za maji yanayofaa mmea katika sentimita 30 za juu, na kitunguu huanza kuumia zikishatumika kama 13 kati ya hizo, yaani lita 13 kwa kila mita ya mraba. Kukiwa na jua kali huisha kwa siku mbili au tatu. Chimbua kando ya mmea hadi urefu wa kidole cha kati, ufinyange udongo kiganjani: ukivunjika vumbi, umeshachelewa. Pacha ulizoziona huchochewa sana na huko kukauka kisha kufurika ghafla.

Wala tusidhani kwamba kuzidisha kunaongeza uzito. Maji ya ziada huzamisha naitrojeni chini ya mizizi, huleta magonjwa ya ukungu kwenye majani, na huacha shingo (pale majani yanapotokea juu ya kitunguu) nene zisizokauka, ambazo ndizo mlango wa uozo ghalani.

Muuliza swali

Nashukuruni sana. Sijapandikiza bado, kwa hiyo nitapunguza eneo. Je, mwishoni nisimamishe maji lini?

Jibu la 1

Simamisha siku 15 hadi 25 kabla ya kuvuna. Shika shingo kwa vidole viwili. Ukiikuta imelegea na majani yameanza kulala yenyewe, funga maji, hata kama majani bado yana ukijani. Maji utakayookoa hapo hayatakupunguzia mavuno, na maganda yatakauka vizuri.