Punda wa mchanga kumkimbiza mashindano ya Maulidi, mwenye punda afanyeje?

KijanaWaLangoni:
Asalam aleikum ndugu zangu. Nina swali na naomba mnijibu kwa uzito wake maana kwangu hili si la mchezo. Nina punda dume wa kazi, anabeba mchanga na mawe kutoka majahazini mpaka kwenye mijengo ya huko juu, na ana mbio mashallah, mtaa mzima wanajua, jioni ukimvua shogi, lile tandiko la ukili la kubebea mzigo, akishika njia ya nyumbani hata kijana mwepesi hamkamati. Sasa Mfungo Sita ndio huo waja na mtoto wa dadangu ataka kumpanda kwenye mbio za ufuoni hapa Lamu wakati wa Maulidi.

Taabu yangu ni hii. Mbio zataka punda apumzike na huyu punda ndiye anayetulisha, nikimsimamisha kontrakta hangoji, kesho asubuhi atampa kazi mwengine na kuirudisha hiyo kazi ni shughuli. Halafu vijana wanakuja kumchukua baada ya magharibi kumfanyisha mazoezi, yaani punda kashinda na mchanga kutwa nzima kwa jua lile halafu usiku akimbizwe tena, juzi nimemkuta ana alama za fimbo pajani na kidonda cha mgongo pale linapokaa shogi kimefunguka upya. Nikisema naambiwa ami wewe hupendi mtaa wetu ushinde. Napenda sana, mimi mwenyewe nimekulia kwenye hizo mbio. Lakini mtu akishaazimwa punda wake akarudishiwa anachechemea, nani humjia kumuuliza hali? Nimwache akimbie au nimzuie? Na nyinyi wenye punda wa mbio mnafanyaje na kazi?

BintiShela:
Wa aleikum salaam kaka. Kwanza kabisa kidonda. Punda mwenye kidonda mgongoni hapandwi na hapakiwi, hapo sioni mjadala. Na hicho kidonda chako nadhani najua kinatoka wapi, mchanga ukija na jahazi mara nyingi umerowa maji ya bahari, ukiutia kwenye shogi unachuruzika taratibu mpaka mgongoni, ile chumvi ikikauka ndani ya ukili inakuwa inakwangua ngozi kila hatua anayopiga. Tazama shogi lako upande wa ndani pale linapopinda juu ya uti wa mgongo, pitisha kiganja, kama pamekakamaa na kukuchoma mkono basi na yeye panamchoma vivyo hivyo. Lioshe kwa maji ya kisima ulianike, na uweke kitu laini chini kama gunia lililokunjwa vizuri lisilo na mshono upande wa ngozi.

Kidonda osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo na uzuie inzi. Tafadhali sana usipake ile oili chafu ya mashine ya boti, naona watu wengi bado wanafanya hivyo na roho yaniuma. Lamu hapa kliniki ya punda ilifunguliwa tangu 1987 na watu wa The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, hatuna sababu ya kutibu kwa kubahatisha.

Jengine, punda haonyeshi maumivu kama mnyama mwengine. Farasi akiumwa tumbo atajigaragaza chini utamuona, punda ataganda tu kasimama, kainamisha kichwa, hataki kula, na mtu apita asema punda huyu leo mvivu.

AmiWaMkomani:
Mwanangu wa Langoni, mimi nimepanda punda tangu utoto na wanangu wamepanda, kwa hiyo sitokwambia mbio ni mbaya. Mbio ni zetu na zitabaki. Ila hao vijana wako hawajui kumfunza punda. Punda hafunzwi kwa kukimbizwa kila usiku, hivyo wanammaliza miguu. Alfajiri baada ya sala mpeleke upande wa Shela maji yakiwa yametoka, aende mwendo wa kawaida kwenye mchanga, mwisho mwisho umuachie akimbie kidogo kwa hiari yake, kisha mpe mai matamu ya kutosha umrudishe kwa miguu ukimuongoza. Inatosha. Siku inayofuata muache.

Umri je? Mfungue kinywa utazame meno, kama hajatimiza miaka minne usimkimbize, mifupa haijakomaa. Kwato zichongwe mapema, si jana yake, maana ufuoni kwetu ni sementi na mawe na kwato iliyochongwa juzi bado ina uchungu. Na mpandaji akae nyuma huko kiunoni kwa punda kama tulivyofunzwa, fimbo ni ya kumuonyesha ndia shingoni, kulia ama kushoto, basi. Kijana anayetegemea kuchapa huyo hajui kupanda, na hilo nalisema mbele ya yeyote.

MalindiNapoli:
Ami shikamoo. Mimi mzaliwa wa Malindi ila sa hizi niko huku Italia, na huku kuna mbio za farasi wanaovuta kigari cha magurudumu mawili, dereva amekaa nyuma ameshika hatamu, wao waita trotto. Napoli uwanja wao uko Agnano na nimeenda kutazama mara kadhaa na shemeji zangu, wao ni wagonjwa wa hizo mbio, mpaka leo ukimtaja farasi aliyeitwa Varenne wanashika kifua, alishinda Prix d'Amérique, mbio kubwa za trotto kule Paris, 2001 akarudia 2002.

Nimeleta habari hii kwa sababu moja. Kule farasi haruhusiwi kukimbia kwa kuruka, lazima ashike mwendo wa trotto, yaani mchakamchaka, akiuvunja dereva lazima amrudishe kwenye mwendo ama watolewe, kwa hiyo ushindi hauji kwa kumtia farasi wazimu, unakuja kwa kumtuliza. Na dereva akizidisha fimbo anapigwa faini. Mazungumzo ya mazizini basi ni yale yale ya kwenu, mwenye farasi alalamika gharama, mfunzaji asema farasi hajawa tayari, dereva alaumiwa na wote wawili. Lakini farasi akiwa mgonjwa daktari akisema hakimbii, hakimbii. Nyinyi pale nani ana neno la mwisho? Naona kama mpandaji na mashabiki ndio wenye nalo, na mwenye punda yuko pembeni anaomba. Hapo ndipo pa kurekebisha.

WaMatondoni:
Bwana Langoni mimi nijibu la kazi maana hao wengine wamelipita. Sisi huku tunapokezana. Punda wangu akipumzika mwenzangu anabeba zamu yangu na ile hela ya tripu tunagawana, akija kupumzisha wake mimi nabeba. Kontrakta yeye ataka mchanga ufike tu, hajali umekuja na punda yupi. Tafuta watu wawili unaowaamini mkae muongee kabla Mfungo Sita haujaingia, na mpwa wako naye siku hizo ashike sururu au abebe, kama ataka sifa za mbio basi agharamike na yeye.

Uzito pia muangalie, Uingereza punda wa ufukweni wanaobeba watoto hawapandwi na mtu anayezidi kama kilo 50, na wale wanatembea tu. Vijana wetu wengine washakuwa mabaunsa na bado wataka kupanda.

Na punda msimchukulie kama kitu cha kununua tena kesho. Toka machinjio ya punda yalipoanza bara kwa ajili ya ngozi za kupeleka Uchina watu wengi waliibiwa, serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikaja kuitengua, mpaka Umoja wa Afrika ukatoa marufuku yake Februari 2024. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo waliokwenda hawarudi haraka.

KijanaWaLangoni:
Nimesoma yote, Mungu awalipe kheri. Shogi nimelipitisha kiganja kama alivyosema dada wa Shela na kweli lina ukavu kama msasa, nishaliosha. Vijana nimewaambia kuanzia leo punda hatoki baada ya magharibi, wamenuna, wacha wanune. Ami swali la mwisho, kidonda kikipona karibu na siku yenyewe, ngozi imefunga lakini bado nyekundu, apandwe?

AmiWaMkomani:
Hapana. Ngozi nyekundu ni changa, dakika moya ya kupandwa inafunguka. Ngoja manyoya yaanze kuota. Na kama hayajaota mpaka siku hiyo, muazimie mpwao punda mwengine, wangu mmoja yupo, jike, mpole ila akiona wenziwe mbele hakubali. Aje nyumbani nimuone anavyokaa juu ya punda kwanza, fimbo aiwache kwao.