Frosti (sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha majani) inakuja wikendi hii: bustani ya nyumbani nivune vyote au nisubiri?

mama_pacha (Minnesota)

Wakuu habari za jioni, naomba ushauri wa haraka kidogo maana utabiri unasema Alhamisi usiku itashuka mpaka digrii 34 za Farenhaiti, yaani kama 1 ya Selsiasi, halafu Jumamosi digrii 29 za Farenhaiti, hiyo ni chini ya sifuri ya Selsiasi. Huu ndio mwaka wetu wa kwanza kwenye nyumba yenye uwanja, baba watoto akaniinulia matuta ya mbao huko nyuma nikapanda kila kitu nilichokuwa nimekimisi: mchicha, sukuma wiki, matembele (na chini nadhani kuna viazi), maboga, karoti, pilipili mbuzi, spinachi zile za bua jeupe nene, na nyanya ambazo zimechelewa mpaka leo mti umejaa za kijani tupu. Mchaichai nao umeota vizuri pembeni.

Sasa jirani zangu wote wameshaanza kung'oa, wanajaza mifuko wanaweka barabarani, na mimi moyo unaniuma kung'oa sukuma ambayo bado inatoa majani mapana hivi. Nivune vyote kabla ya Jumamosi? Kipi kinavumilia na kipi kinakufa? Na hizi nyanya za kijani ndio basi tena? Nitashukuru sana, hasa walioko huku kwenye baridi.

fundi_jembe (Ohio)

Dada mama pacha using'oe sukuma, tafadhali sana, hilo ndilo la kwanza. Watu wengi wanafanya bustani nzima ni kitu kimoja, baridi ikija wanafyeka yote, wakati nusu ya ulivyopanda ndio kwanza vinaingia msimu wake.

Wewe gawanya hivi. Vile vyenye asili ya joto, mchicha, matembele, maboga, nyanya, pilipili, na kama una bamia, biringanya, kunde, mnavu au mgagani, hivyo vyote frosti ya kweli ikipita usiku mmoja asubuhi unakuta vimekuwa vyeusi vimelegea, hakuna dawa. Mchicha chuma wote kati ya leo na Ijumaa. Kama kuna miti imeshatoa masuke usiyatupe, kata yale ambayo ukiyatikisa mbegu zinadondoka, tandaza kwenye shuka ndani yakauke, mwakani huna haja ya kutafuta mbegu. Vikonyo laini vya maboga navyo chuma sasa, hiyo mboga ya nazi utaikumbuka Januari. Maboga yenyewe jaribu kwa ukucha, ukibonyeza ganda likagoma kutoboka limekomaa, kata na kikonyo chake uache kama sentimita nane hivi, usilibebe kwa kikonyo maana kikivunjika linaanza kuozea hapo.

Upande wa pili ni sukuma, kabichi, karoti, figili, vitunguu na hizo spinachi zako. Spinachi ya bua jeupe inavumilia frosti nyepesi, ila baridi kali inaichakaza kwa hiyo anza kuipunguza. Sukuma inaweza kwenda mpaka karibu digrii 20 za Farenhaiti, kama minus 6 au 7 ya Selsiasi, na tena inakuwa TAMU kuliko ya Julai. Sababu ni kwamba mmea ukisikia baridi unageuza wanga wake kuwa sukari ili maji ya ndani ya majani yasigande haraka. Mtu aliyekula sukuma ya kiangazi tu cha huku akasema chungu, mpe ya mwisho wa Oktoba uone. Angalizo moja, asubuhi ukikuta majani yameganda kama kioo usiyaguse wala kuyachuma, subiri jua liyalainishe, saa tano saa sita hivi ndio uingie na kisu. Chuma ya chini, acha kile kichwa cha juu.

Karoti hivyo hivyo, ziache ardhini. Zifunike na nyasi kavu au majani makavu unene wa kama futi moja utakuwa unachimba kidogo kidogo mpaka udongo wenyewe ugande.

shangazi_wa_leicester

Mwanangu nyanya za kijani usizitupe hata moja! Ila sio zote zitaiva, uzichambue. Ile iliyofika ukubwa wake na rangi imeanza kupauka kidogo, inang'aa, hiyo itaiva ndani ya nyumba. Ukitaka uhakika kata moja ya mfano, ukiona ndani kuna ule utelezi unaozunguka mbegu na kisu kimeteleza juu ya mbegu bila kuzikata, basi wenzake wa saizi ile wataiva. Ndogo ngumu zenye rangi ya kijani iliyokoza haziivi, hizo ni za achari, na achari yake na tangawizi, siki na pilipili ni nzuri mno pamoja na maandazi ama nyama choma.

Za kuiva ziweke kwenye boksi zisigusane sana, funika na gazeti, ziwe mahali pa joto la kawaida la nyumba, digrii 18 mpaka 21 za Selsiasi. Tia na ndizi iliyoiva au tufaa humo humo, vinatoa ile gesi ya ethilini inayoamsha uivaji. Dirishani kwenye jua hakuna haja, nyanya haihitaji mwanga kuiva. Na FRIJI HAPANA, chini ya digrii 10 ladha inakufa. Kila baada ya siku mbili pitia boksi, iliyooza toa.

Lakini zichume KABLA ya hiyo Jumamosi. Kama mti umeshauawa na frosti, nyanya zake usiziweke kwenye chupa za kuhifadhi muda mrefu kwa sababu asidi inapungua na chupa inaweza kuharibika kwa namna ya hatari.

Huku kwetu Uingereza baridi ni ya polepole, kwenye kiploti changu cha kulima cha halmashauri sukuma inakaa msimu wote wa baridi, tatizo letu ni njiwa. Desemba njiwa pori hana chakula kingine, anakula mpaka bua. Bila wavu huvuni kitu.

mama_pacha

Shangazi na kaka fundi Mungu awabariki, nimeshachukua boksi la nepi liko jikoni linasubiri nyanya. Sasa maswali mawili, matembele na viazi vyake nachimba lini, na huu mchicha wote nitauweka wapi maana hatuwezi kula kilo zote hizo kwa wiki. Kuna mtu kaniambia nitie tu kwenye friza hivyo hivyo.

Mnyandarua_damu

Nimesoma hii thredi nikaona nichangie kutoka upande wa Kinangop, Kenya, watu hudhani sakitu ni ya majuu pekee. Sisi huku Januari usiku mmoja unaweza choma shamba mzima ya viazi, asubuhi unapata majani ni kama yamemwagiwa maji moto.

Mama, usitegemee tu namba ya simu. Kipimo cha watu wa hali ya hewa kiko juu kama mita moja na nusu, lakini baridi inalala chini, so simu inaweza sema 2 ama 3 za Selsiasi na kwako chini kwa majani ni sifuri. Usiku wa kuogopa ni ule mbingu iko wazi nyota zote zinaonekana na hakuna upepo hata kidogo. Kukiwa na mawingu unalala vizuri. Pia angalia uwanja wako umeinama wapi, hewa baridi ni nzito inateremka kama maji na kujaa mahali pa chini, kwa hivyo kama matuta mengine yako bondeni hayo ndio ya kuokoa kwanza.

Kitu ingine, mwagilia udongo mchana wa Alhamisi. Sio majani, udongo. Udongo wenye maji hushika joto ya jua kuliko mkavu na usiku unaitoa pole pole. Kisha funika kabla jua halijazama, wakati udongo bado uko na joto, ukifunika saa nne usiku umefungia baridi ndani. Shuka kuukuu ni sawa, blanketi nyepesi ni sawa, na ifike mpaka chini ardhini pande zote, ubane na mawe. Nailoni ikigusa majani inayachoma pale ilipogusa, kama ni nailoni weka vijiti iinuke. Asubuhi toa.

fundi_jembe (Ohio)

Naongezea hapo kwa Mnyandarua, kuna kile kitambaa chepesi cheupe cha bustani wanauza kwenye maduka ya vifaa vya shamba, kinaongeza digrii chache tu za Farenhaiti kutegemea unene. Kwa hiyo Alhamisi kitakuokolea pilipili, Jumamosi yenye digrii 29 siwezi kukuahidi. Mimi kwa pilipili mbuzi nakushauri kitu kingine kabisa, ing'oe na mizizi yake, kata matawi ubakize shina, panda kwenye ndoo yenye matundu uingize ndani. Pilipili sio ya msimu mmoja, Mei unaitoa nje na itaanza kuzaa mapema kuliko mche wowote. Mchaichai nao gawa kitita kimoja ukiweke kwenye chungu dirishani.

dada_wa_matembele

Nilikuwa nasubiri swali hili. Chuma majani yote laini ya matembele leo, halafu kata vikonyo kama urefu wa kalamu mbili hivi, viweke kwenye jagi la maji dirishani, vitatoa mizizi na hiyo ndiyo mbegu yako ya mwakani, sio lazima ununue tena.

Viazi vichimbe kabla udongo haujapoa sana, ukishuka chini ya 13 Selsiasi viazi vinaanza kuharibika vikiwa humo humo ardhini. Frosti ikikuwahi ikachoma majani, kata hayo majani siku hiyo hiyo na uchimbe upesi, usiache yaozee juu. Usivioshe, pangusa udongo tu. Halafu kuna hatua watu wanaruka ndio maana wanasema viazi vya kulima huku havina utamu: vinatakiwa vikae sehemu ya joto kali na unyevu, karibu 29 Selsiasi, kwa wiki moja mpaka siku kumi, ngozi ijitibu mikwaruzo na wanga uanze kuwa sukari. Nyumbani weka karibu na hita, kwenye mfuko wenye matundu na kitambaa kibichi pembeni. Baadaye vihamishie basementi (chumba cha chini ya nyumba) penye ubaridi wa 13 mpaka 16, sio friji.

Mchicha usitie friza mbichi, utakuwa na ladha ya majani makavu baada ya muda. Chemsha maji mengi yatokote, tumbukiza mchicha dakika 2, sukuma dakika 3, toa hapo hapo tia kwenye maji ya barafu, kamua, fungasha mafungu ya mlo mmoja mmoja ukitoa hewa yote. Kwa minus 18 inakaa miezi minane mpaka mwaka. Mimi mwezi wa pili napika mchicha wa nazi wa bustani yangu na nje kuna theluji, watoto wanajua kabisa huu ni ule wa nyuma ya nyumba.

shangazi_wa_leicester

Na hayo matuta yatakayobaki wazi usiyaache matupu mwanangu. Panda kitunguu saumu mwezi huu huu wa Oktoba, menya kichwa kigawanyike ila ganda la kila kipande liache, ncha juu, kina cha sentimita tano hivi, nafasi ya kiganja. Kwa baridi ya Minnesota chukua aina ile yenye bua gumu katikati. Kisha funika na nyasi kavu. Unavuna Julai. Na hayo majani ya miti ambayo jirani zako wanayafungasha kwenye mifuko, waombe, yapitishe chini ya mashine ya kukatia nyasi yasagike utandaze juu ya matuta, ilimradi wasiwe walipulizia dawa ya magugu huko walikoyaokota, uliza kwanza.