Mrejesho: Kaka yangu wa Kondele aliyebaki na pumzi fupi baada ya homa

Wiki tatu zilizopita niliuliza hapa kwa nini kaka yangu, bodaboda wa miaka 34, anahema akipanda ngazi na kulalia mito mitatu, ilhali homa na kikohozi vilikuwa vimeisha. Wengi mlisema nimonia imerudi. Wawili mkasema moyo. Asanteni nyinyi wawili.

Hospitali moja hapa Kisumu, daktari alimbonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki pale pale kama kwenye ugali, dalili ya maji kujaa mwilini. Akampima umeme wa moyo, damu ikaonyesha troponini iko juu, yaani misuli ya moyo inaumia. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikamaliza ubishi: kila pigo moyo unasukuma asilimia 35 tu ya damu iliyo ndani. Kawaida ni 55 kwenda juu.

Nilivyoelezwa, virusi vya mafua makali au korona huweza kushambulia misuli ya moyo vyenyewe, au kinga ya mwili ikipigana navyo inauchoma na moyo. Tena wiki ya kwanza ya mafua, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara kadhaa. Sisi tulikuwa tunampa dawa ya kikohozi na tangawizi!

Sasa yuko kwa dawa za kutoa maji na za kuupumzisha moyo. Eko ya jana: asilimia 48. Analalia mto mmoja. Mpira amekatazwa miezi sita, na hilo ndilo linalomuuma zaidi.