Mrejesho: saa ya mwani usio na kiini

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mwani wa kijani wenye seli moja unaweza kufuata majira ya siku hata ukiondolewa kiini cha seli. Unaweza! Aliyenielekeza kwa Acetabularia, asante sana: ni seli moja yenye urefu wa sentimita kadhaa, kiini kimekaa chini kabisa, hivyo kukikata ni rahisi. Mwaka 1961 wanasayansi Sweeney na Haxo walikiondoa, na kwenye mwanga usiokatika usanisinuru ukaendelea kupanda na kushuka kila baada ya saa 24 hivi. Ajabu zaidi, ukipandikiza kiini cha seli yenye ratiba tofauti, mwani hufuata ratiba ya kiini hicho. Yaani bosi hahitajiki, ila akija anasikilizwa.