Siku tano kati ya mbuga ya Mikumi na msitu wa Udzungwa: naomba ushauri wa kupanga safari ya familia

Msafiri wa Tabata

Salaam, wanajukwaa. Mimi na mume wangu, pamoja na watoto wetu wa miaka 9 na 13 na mama yangu mzazi aliyevuka miaka 65, tunakusudia kutumia siku tano nje ya Dar es Salaam. Tungependa watoto waone wanyama katika tambarare za Mikumi, kisha watembee katika msitu wa Udzungwa, kwa kuwa hawajawahi kuingia kwenye msitu wa asili. Likizo zinazotufaa ni ile ya katikati ya mwaka na ile ya Desemba. Je, ipi ni bora, na siku hizo tuzigawe vipi? Mama anasumbuliwa na magoti, lakini nisingependa abaki hotelini akitusubiri.

Mkazi wa Morogoro

Dada, chagueni Juni au Julai. Wakati huo masika yamekwisha, nyasi za tambarare ya Mkata, iliyo ndani ya Mikumi, zinaanza kukauka, na wanyama wanasogea karibu na mabwawa, hivyo tembo, twiga, pundamilia, nyumbu na nyati huonekana bila kuzunguka sana. Desemba mvua zikinyesha, udongo mweusi wa Mkata hunata kiasi kwamba hata gari linalovuta magurudumu yote manne hukwama, na nyasi ndefu huwaficha simba.

Hifadhi ya Mikumi ina kilomita za mraba 3,230, lakini msijaribu kuizunguka yote. Ingieni mchana, mlale ndani, na alfajiri mwende kwenye bwawa la viboko kabla jua halijawa kali; kwa kuwa kibali huhesabiwa kwa saa 24, jioni ile na asubuhi inayofuata mtakuwa mmezilipia kwa pamoja. Watoto wasivae nguo za bluu iliyokolea wala nyeusi, kwani rangi hizo huwavutia mbung'o, ambao hupatikana zaidi kwenye miombo kuliko kwenye uwanda ulio wazi. Tena, barabara kuu ya kwenda Zambia hupita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na wanyama huivuka saa zote; tafadhali msisafiri hapo usiku.

Mwenyeji wa Mang'ula

Nakubaliana na ndugu yangu kuhusu msimu. Ninachokipinga ni tabia ya kuigeuza Udzungwa kuwa matembezi ya asubuhi moja baada ya Mikumi. Mang'ula, kwenye makao makuu ya hifadhi ya Udzungwa, iko takriban kilomita 60 tu kutoka mji wa Mikumi, na ukaribu huo ndio unaowadanganya wengi. Hifadhi hii, iliyoanzishwa mwaka 1992, ni ya kutembea kwa miguu. Upande wetu wa mashariki msitu hupanda bila kukatika kutoka takriban mita 250 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, ukinyweshwa na mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, ndiyo maana una viumbe wasiopatikana kwingine, akiwemo mbega mwekundu wa Udzungwa na yule nyani wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Wanyama hawa hawaonekani na mtu mwenye haraka. Wapeni watoto siku mbili kamili.

Siku ya kwanza nendeni wote, pamoja na bibi, kwenye maporomoko madogo ya Prince Bernhard, yaliyo karibu na makao makuu ya hifadhi. Njia yake ni fupi, na mbega wekundu huonekana mara nyingi maeneo hayo. Siku ya pili baba na watoto wapande maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka takriban mita 170 kwa hatua tatu. Waanze mapema, kwani mteremko ni mkali na joto la bonde la Kilombero huchosha kabla ya saa sita. Mwongozaji ni wa lazima. Mwambieni umri wa watoto kabla hamjaondoka. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, kwa hiyo andaeni kadi au simu mapema.

Mstaafu wa Reli

Binti yangu, kama magoti ya mama hayavumilii safari ndefu ya gari, mpandisheni treni ya umeme hadi Morogoro, ambako gari mlilokodi liwe linawasubiri. Huduma hiyo ilianza mwaka 2024, na mzee anaweza kusimama na kunyoosha miguu njiani, jambo ambalo ndani ya gari lililojaa mizigo haliwezekani.

Msafiri wa Tabata

Nawashukuru sana. Tumeamua kwenda mwishoni mwa Juni: usiku mmoja Mikumi, mitatu Mang'ula, nami nitabaki na mama siku ya Sanje. Mzee wangu wa Reli, mama ameikubali treni mara moja. Mwenyeji wa Mang'ula, je, mtoto wa miaka 9 aliyezoea kutembea anaweza kufika hadi juu kabisa, au mwongozaji humrudisha kutoka poromoko la kwanza?

Mwenyeji wa Mang'ula

Nimewaona wa umri huo wakifika juu, dada, ila walipumzika kila walipochoka. Mvalisheni viatu vinavyoshika ardhi, kwani mawe ya karibu na maji huwa na utelezi hata wakati wa kiangazi.