Grauti ya bafuni inatoka unga, fundi anasema ni kawaida

MamaKigamboni:
Wakuu, heshima kwenu. Nimehamia kwangu Kigamboni mwaka huu huu. Bafu limepigwa tailizi ukutani na chini, lakini grauti ya sakafuni, ule ujazo wa kwenye nafasi kati ya tailizi, ukipitisha kucha unatoka unga. Pale sakafu inapokutana na ukuta kuna ufa mrefu mwembamba, na kona ya shawa imeshaota weusi. Nimempigia fundi, kasema ni kawaida, nisugue na asidi halafu atakuja kupaka waiti simenti juu. Nimkubalie? Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chumba cha watoto upande wa pili wa ukuta, rangi imeanza kuvimba.

FunguMiziwi:
Dada, asidi usithubutu. Grauti ya kawaida ni simenti, na asidi inakula simenti. Siku hiyo itang'aa, kumbe umezidi kuilainisha. Na waiti simenti juu ya grauti iliyooza ni kupaka poda tu, haina pa kushika, itabanduka.

Unga huo mara nyingi ni maji yaliyozidi wakati wa kukoroga. Mafundi wengi tunapenda uji mwepesi kwa kuwa unateleza kwenye nafasi bila jasho, lakini maji yale yakikauka yanaacha vitundu. Inatakiwa nzito, ukiichota na mwiko isidondoke hovyo. Ukishakoroga unaiacha dakika 5 hadi 10, unakoroga tena, na huongezi maji hata tone. Kisha kuna wale wanaofuta na sponji inayochuruzika: nusu ya simenti inaondoka na maji machafu.

Kona ya sakafu na ukuta hapawekwi grauti. Hizo ni pande mbili zinazocheza kila moja kivyake, lazima papasuke. Weka silikoni ya bafuni, ile inayozuia kuvu.

Ya chumba cha watoto ni habari nyingine. Grauti si kizuizi cha maji, hata iliyopigwa vizuri inafyonza kidogo. Kazi hiyo ni ya dawa inayopakwa ukutani kabla ya tailizi. Muulize fundi kama aliipaka, usikilize atakavyojikanyaga. Halafu acheni kuoga hapo siku kadhaa. Ukuta ukizidi kulowa, tafuta bomba linalovuja.

Kijana_wa_Tegeta:
Kwa nini msimwambie aweke grauti ya epoksi, ile isiyo ya simenti, yaishe? Haifyonzi maji, haishiki madoa.

FunguMiziwi:
Ni nzuri, sibishi. Ila bei yake ni mara kadhaa ya grauti ya simenti, na inawahi kukauka. Fundi asiyeizoea akichelewa kufuta, utando unagandia juu ya tailizi na kuutoa ni shughuli. Huyu wa asidi nisingempa epoksi.

MamaKigamboni, pima upana wa nafasi za sakafuni, na ugonge tailizi moja moja na mpini wa bisibisi.

MamaKigamboni:
Nafasi ni milimita 5. Tailizi mbili za karibu na tundu la maji zinalia wazi, nyingine zinalia zimeshiba.

FunguMiziwi:
Basi hizo mbili zibanduliwe kwanza zipigwe upya, gundi ijae chini yote, si madonge manne ya pembeni. Tailizi inayocheza itapasua grauti yoyote. Ziachwe saa 24 kabla ya kujaza.

Kwingine akwangue grauti ya zamani angalau theluthi mbili ya kina, afagie vumbi lote, alowanishe kidogo bila kuacha maji yaliyotuama. Kwa milimita 5 nunua grauti yenye mchanga. Ile laini ni ya chini ya milimita 3, hapo itasinyaa.

MamaKigamboni:
Asante sana fundi. Grauti nitanunua mwenyewe, na maji ya kukorogea nitampimia mimi. Shawa tumeshaifunga leo, watoto wanaogea ndoo uani.

FunguMiziwi:
Mpimie ya bomba, dada. Maji ya kisima yenye chumvi yatakuachia ukoga mweupe.