Tupeane uzoefu: ustadh anapomfunga mtoto mdomo kwa jina la radhi

Assalaam alaykum, hasa watu wa Tanga. Mnaofundisha vyuoni (madrasa), manesi, watu wa mahakamani: haya mambo ya ustadh kumnajisi mwanafunzi wake kisha kumnyamazisha huanzaje, na mzazi afanye nini? Majina ya watu tuyaache.

Maalim wa Ngamiani
Huanzia kwenye radhi. Mtoto anaambiwa elimu bila radhi ya mwalimu haina baraka, na mzazi naye anaamini hivyo. Kisha anateuliwa: huyu ndiye wa kufagia chumba changu, abaki baada ya Isha. Mwisho kinakuja kisomo cha faragha: "Una jini, mama asijue, dawa itaharibika." Hapo shtukeni. Kombe huandikwa sahanini kwa zafarani, likaoshwa kwa maji, mtoto akanywa mzazi wake akiwepo. Halitaki mlango ufungwe wala nguo zivuliwe. Na ile hadithi ya kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, mbona hatuwasomeshi watoto mapema?

Nesi Mstaafu
Mtoto akishanajisiwa, msimwogeshe! Najua mkono wa mama hukimbilia maji. Nguo alizovaa zitieni kwenye bahasha ya kaki. Nailoni hutunza unyevu, ushahidi ukaharibika. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina maana, kisha humezwa siku 28. PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatoka polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto. Mkikwama pigeni 116, ni bure.

Karani
Kinachoua kesi ni kikao cha wazee. Familia inapewa kifuta machozi, ustadh anahamia Pangani au Muheza, na huko hawana habari. Chini ya miaka 18 hakuna cha "alikubali".

Jingine: mtoto asihojiwe na mjomba, halafu shangazi, halafu imamu. Akirudia rudia, maneno hupishana, na wakili wa upande wa pili atayashika hapo hapo. Muulizeni mara moja, "Ilikuwaje?", bila kumtilia jibu mdomoni, muandike alivyosema. Shahidi wa macho si lazima: Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kuwa anasema kweli.

Shangazi wa Pongwe
Wa dahalia je? Ulizeni nani analala na watoto, na kama mtoto anaruhusiwa kupiga simu nyumbani bila mwalimu kusimama pembeni. Wakisita kujibu, rudini naye siku hiyo hiyo.